Chura Aliyeitwa Simba

Kila siku kengele ya kutoka ikishalia, wanafunzi wa darasa la sita walitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Wengine walikimbilia uwanjani, wengine dukani kununua peremende. Nukta yeye alishika njia ya kitaluni kwa baba yake. Nyumbani hawakumwita Nukta. Jina hilo alipewa darasani, kwa sababu kila alipomaliza sentensi aliikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Ukiligeuza daftari lake upande wa pili, ungeweza kuhesabu sentensi zake kwa kidole bila kusoma hata neno moja.

Kitalu kilikuwa nyuma ya shule, ng'ambo ya barabara. Kilizungushiwa uzio wa mabati, na juu yake kulitandwa wavu mweusi wa kupunguza ukali wa jua. Chini ya wavu huo baba yake Nukta alikuza miche ya matunda, ya mbogamboga na ya maua. Kazi ya Nukta ilikuwa kujaza viriba, ile mifuko midogo myeusi ya plastiki ambamo miche huoteshwa. Alichanganya udongo na samadi, akajaza, akashindilia kwa vidole viwili, akapanga kwenye safu. Alijaza viriba hamsini tu, kisha akanawa mikono na kufanya kazi zake za shule juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jioni moja, karibu na bomba la maji, alitumbukiza mkono kwenye lundo la udongo akachota donge moja kubwa. Alipotaka kulivunja, donge likafumbua macho.

"Baba!" Nukta alipiga kelele huku akilitupa. "Udongo umenikonyeza!"

Baba yake alikuja mbio na ndoo ya kumwagilia mkononi. Alipoona kilichomtisha binti yake, alicheka hadi maji yakammwagikia miguuni.

"Huyo si udongo, mama. Huyo ni mfanyakazi mwenzangu. Halipwi, hachelewi, na sijawahi kumsikia akilalamika."

Alikuwa chura, mpana kama kiganja cha mtu mzima, mwenye ngozi ya vinundu yenye rangi ileile ya udongo. Alijikokota taratibu, akaingia chini ya chungu cha maua kilichovunjika ukingo.

"Mbaya huyo!" alisema Nukta, moyo ukiwa bado unamdunda.

"Mbaya kwa nani?" baba akauliza. "Muulize koa na viwavi wanaotafuna miche yangu, hao ndio watakaokwambia ubaya wake. Ila usimshike tena. Ngozi yake ina utomvu unaowasha macho. Nenda kanawe kwa sabuni."

Tangu siku hiyo Nukta akawa na kazi ya pili. Akimaliza viriba vyake, alikaa hatua tatu kutoka kwenye kile chungu na daftari mapajani. Aliandika alichokiona. Chura alitoka jua likipungua, si kabla. Alikaa kimya muda mrefu, halafu ulimi ukachomoka na mdudu akatoweka. Kila alipomeza alifumba macho, na macho yale yakazama ndani ya kichwa kama vifungo vinavyoingia kwenye matundu yake. Siku moja Nukta alimwona akivua ngozi yake ya juu kama mtu anayevua fulana iliyombana, kisha akaila yote. Alimpa jina, Bwana Donge.

Wiki ileile mvua kubwa ilinyesha, na paa la stoo ya shule likavuja. Vitabu vya kusoma vya darasa la pili vililowa, kurasa zikagandana kama zimepakwa gundi. Mwalimu wa Kiswahili aliingia darasa la sita na kimoja cha vitabu hivyo mkononi. Alijaribu kukifungua mbele yao, kikachanika katikati.

"Wadogo zenu hawana cha kusoma," alisema. "Vitabu vipya vitachukua miezi kufika. Kwa hiyo tutawatungia wenyewe. Kila mmoja wenu atachagua mnyama mmoja, amfanye kuwa shujaa wa hadithi fupi. Alhamisi ya wiki ijayo tutazisoma hapa darasani, tutazirekebisha, halafu tutazishona ziwe kitabu kimoja. Haya, nani anamtaka nani?"

Mikono ilipaa. Kiranja, mvulana mrefu aliyezoea kuwa wa kwanza katika kila jambo, alisema simba. Waliomfuata nao wakasema simba. Mwalimu aliandika ubaoni simba kumi na mmoja, tembo sita, twiga wanne, na sungura hata hawakuhesabika.

"Na wewe, Nukta?"

"Chura, mwalimu."

Darasa lilimtazama kama watu wanaosubiri kuambiwa kwamba ni utani. Kisha kicheko kikalipuka. Wa nyuma walianza kukoroma, "Kroo! Kroo!", na mmoja akaruka juu ya dawati kwa miguu minne.

Mwalimu hakucheka. Aliandika "chura" chini ya orodha, kwa herufi za ukubwa uleule kama za simba, akaendelea na kazi.

Lakini kilichomuuma Nukta kilikuja wakati wa mapumziko, tena kutoka kwa Redio. Redio alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, jirani yake wa dawati tangu darasa la kwanza. Aliitwa Redio kwa sababu hakunyamaza hata akiwa anakula. Pamoja na kusema kwake, alikuwa na mkono wa kuchora ambao shule nzima iliujua, na walikuwa wamekubaliana kwamba Nukta ataandika na Redio atachora.

"Kwa nini chura jamani?" Redio alilalamika. "Wanyama wote hao! Mimi nilishaanza kufikiria manyoya ya simba, nilishajua hata rangi nitakayotumia. Sasa unaniletea chura!"

"Huyu si chura hivihivi. Nimemwangalia wiki nzima. Ukimwona..."

"Sitaki kumwona! Nikimchora mkono utaniota chunjua."

"Chunjua haziletwi na chura, Redio."

"Basi kiranja ameniomba nimchoree simba wake, na nimekubali." Redio alisema hayo akitazama pembeni. "Ukibadilisha mnyama, nitakuchorea na wewe. Usipobadilisha, chora mwenyewe."

Siku zilizofuata Nukta alikuwa "Mama Chura" kila alikopita. Kwenye foleni ya maji, "Mpisheni Mama Chura, asije akaturukia!" Uwanjani, "Mama Chura, watoto hawajambo?" Yeye alijifanya hasikii, lakini alisikia kila neno. Hadithi yake ilikuwa imekwisha, kurasa tatu kamili. Ilieleza jinsi miche ilivyokuwa ikitafunwa kila jioni, na jinsi wakazi wote wa kitalu walivyomsingizia Bwana Donge kwa sababu tu ya sura yake. Bwana Donge hakujitetea. Alikaa chini ya chungu chake akasubiri, mpaka akawanasa koa walaji mmoja baada ya mwingine. Nukta aliipenda hadithi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kuandika.

Hata hivyo, Jumatano alasiri uvumilivu ulimwishia. Alirudi nyumbani moja kwa moja bila kupitia kitaluni, akakaa mezani, akachukua kifutio. Kila alipoona neno "chura" alilifuta na kuandika "simba". "Bwana Donge" naye akawa "Bwana Simba". Mama yake alikuwa akipiga pasi upande wa pili wa meza.

"Unafuta namna hiyo, utalitoboa daftari."

"Ninarekebisha makosa, mama."

Mama alimtazama kidogo, akarudi kwenye pasi yake. Nukta hakuinua macho. Alifuta haraka, kama mtu anayeosha sahani za watu wengine, bila kuisoma tena hadithi yenyewe. Usiku alilala akiwa na amani ya kinafiki: kesho hakuna atakayemcheka.

Alhamisi walianza kusoma. Simba wa kiranja aliwapiga maadui wote, akawa mfalme. Simba wa pili naye aliwapiga maadui wote, akawa mfalme. Walipofika simba wa tano, mwalimu alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja. Ndipo akamwita Nukta.

Nukta alisimama, akakohoa kidogo, akaanza.

"Kulikuwa na simba mmoja aliyeishi chini ya chungu cha maua kilichovunjika."

Mtu mmoja alicheka puani. Nukta alihisi masikio yakipata moto, lakini aliendelea kusoma.

"Simba huyo alikuwa mpana kama kiganja cha baba. Ngozi yake ilikuwa na vinundu. Jioni alitoka polepole, akakaa karibu na bomba ili alowane tumbo. Nzi alipopita, simba alichomoa ulimi, akamnasa, akammeza huku macho yakizama kichwani."

Hakuweza kuendelea. Darasa zima lilikuwa limevunjika mbavu. Kiranja alikuwa amelala juu ya dawati akilipiga kwa ngumi. "Simba anakula nzi!" "Simba wa mfukoni!" Hata Redio alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika. Nukta alisimama palepale, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amebadilisha jina la mnyama, akasahau kwamba kila kitu kingine katika zile kurasa tatu kilikuwa cha chura.

Mwalimu aliinua mkono mpaka kelele zikatulia. Akaja, akachukua daftari, akaliinua kuelekea mwanga wa dirisha. Karatasi ilikuwa imekwanguka, na chini ya kila "simba" palibaki mikwaruzo ya herufi za zamani.

"Nani alikuwa hapa kabla ya simba?" aliuliza taratibu.

"Hakuna mtu, mwalimu."

Mwalimu aliendelea kulishika daftari kwenye mwanga. Alisubiri tu, na katika ukimya ule Nukta aliusikia uongo wake mwenyewe vizuri zaidi kuliko alivyousikia wakati anautamka. Alipiga moyo konde.

"Alikuwa chura, mwalimu. Nilimfuta jana kwa sababu nilichoka kuchekwa. Na mama aliponiuliza, nilimwambia ninarekebisha makosa. Hayakuwa makosa. Nilikuwa nimeandika sawasawa."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Basi tusomee kama ulivyoandika mwanzo," alisema mwalimu, akamrudishia daftari.

Nukta alisoma. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, na wa nyuma bado walikuwa wakikonyezana. Alipofika pale ambapo Bwana Donge anasingiziwa na hana wa kumtetea, miguu iliacha kuburuzwa sakafuni. Alisoma mpaka mwisho. Kisha kiranja akanyoosha mkono.

"Hadithi si mbaya. Lakini kuna uongo ndani yake. Hakuna mnyama anayemeza kwa macho. Hilo ametia chumvi."

"Sijatia chumvi!" Nukta alijibu. "Nimeona."

"Mwalimu, ameona?"

"Mimi sikuwepo," alisema mwalimu. "Nukta, chura wako anapokea wageni?"

Siku ya pili, baada ya kengele, mwalimu na wanafunzi saba waliingia kitaluni. Redio alikuwamo, na ubao wake wa kuchorea kwapani, ingawa alisema amekuja kuona maua tu. Baba yake Nukta alikuwa akipogoa miche ya michungwa.

"Shikamoo baba!" walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mgeni rasmi bado amelala, lakini atatoka. Kaeni hapo kwenye ndoo, na msimkaribie sana."

Walikaa. Mawingu yalikuwa yameshuka na jua limeanza kupoa. Baba alimwagilia safu za karibu, harufu ya udongo uliolowa ikapanda. Dakika kumi zikapita. Kiranja akaanza kutikisa goti.

"Hatoki."

"Yeye hana kengele," Redio alimjibu. "Tulia."

Nukta alikuwa hoi kwa hofu. Alijua kwamba Bwana Donge asipotoka, Jumatatu ataitwa mwongo, na jina hilo ni baya kuliko Mama Chura mara kumi. Alikodolea macho ukingo wa chungu mpaka yakaanza kumwasha.

Kisha ukatokea mguu mmoja. Ukafuata wa pili. Bwana Donge alijitokeza hatua kwa hatua, kama mzee aliyevaa viatu vipya vinavyombana, akatua kwenye udongo wenye maji. Kiwavi wa kijani alikuwa akitambaa kwenye ukingo wa kiriba. Bwana Donge aliinamisha kichwa, akamtazama. Ulimi ukachomoka na kiwavi akawa hayupo. Macho mawili yale makubwa yakafumba, yakazama ndani ya kichwa, yakarudi juu.

"Umeona!" Redio alimfinya kiranja mkono. "Yamezama! Umeyaona?"

Kiranja alitazama kwa muda mrefu, akangoja mpaka chura alipomnasa mdudu wa pili, kisha akamgeukia Nukta.

"Ni kweli. Yanazama. Mimi ndiye niliyekosea."

"Hata mimi kuna mahali nilikosea," alisema Nukta polepole. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa tatu. "Nimeandika kwamba Bwana Donge aliruka juu ya uzio kama mshale kumnasa koa wa mwisho. Huyu hajawahi kuruka namna hiyo. Niliandika ili aonekane shujaa."

Baba yake alicheka. "Juu ya ule uzio? Huyu hata kiriba kilicholala anakizunguka!"

Nukta alifuta sentensi ile. Juu yake akaandika kwamba Bwana Donge alitembea usiku kucha, akamfikia koa huyo.

Redio alikuwa ameshatoa penseli. Alichora, akatazama, akachora tena. "Nukta, vidole vya mbele ni vinne au vitano?"

"Vinne mbele, vitano nyuma."

"Nilijua wewe utajua." Aliendelea kuchora bila kuinua kichwa. Baadaye, kwa sauti ambayo Redio hakuwa nayo kwa kawaida, alisema, "Nilikuacha peke yako. Na jana nilicheka. Samahani, rafiki yangu."

"Nilikuona ulivyojiziba mdomo," alisema Nukta. "Hata mimi ningekuwa nimekaa, ningecheka. Simba chini ya chungu cha maua!"

Wakacheka wote wawili mpaka mwalimu akawaonyesha ishara ya kunyamaza, wasije wakamtisha mgeni rasmi.

Kitabu kilishonwa kwa uzi mnene na kupelekwa darasa la pili. Watoto walikaa sakafuni, wakasomewa hadithi kadhaa. Simba wa kwanza walimpigia makofi. Simba wa tatu alipokuwa mfalme, mtoto mmoja aliuliza kama ni yuleyule. Ilipofika hadithi ya Bwana Donge, walijisogeza mbele kidogo kidogo mpaka wakawa karibu kumkalia msomaji miguuni. Ilipokwisha, msichana mmoja asiye na meno ya mbele alinyoosha mkono.

"Bwana Donge anakaa wapi? Tunataka kwenda kumwamkia."

Ndiyo maana alasiri moja kitalu kilipata safu ya watoto thelathini, wameshikana mikono, wakisema kwa sauti moja, "Shikamoo, Bwana Donge!" Na kwa kuwa Bwana Donge hakutoka wala kujibu, baba yake Nukta aliitikia kwa niaba yake kutoka nyuma ya michungwa, "Marahaba, wajukuu!" Watoto waliruka kwa furaha.

Walipoondoka, mwalimu alibaki akinawa mikono bombani pamoja na Nukta na Redio.

"Unajua kwa nini hadithi yako imewakaa rohoni?" alimuuliza Nukta. "Si kwa sababu chura ni bora kuliko simba. Anayemjua simba na amwandike simba. Wewe uliandika ulichokichunguza kwa macho yako, na kwa subira. Katika hadithi unaweza kumpa mnyama jina na maneno, hiyo ni kazi ya mtunzi. Lakini usifiche ukweli unaoujua kwa sababu ya kuogopa kicheko. Kicheko kile kilikuwa cha wiki moja tu. Ukweli ulioufuta ungebaki unakusumbua kila ukifungua lile daftari. Na wewe, Redio, usimkatae mtu wala mnyama kabla hujakaa ukamtazama."

"Ndiyo, mwalimu," walijibu.

Mwalimu alijifuta mikono kwa leso yake, akaaga. Nukta na Redio walikaa chini, wakavuta lundo la udongo katikati yao, wakaanza kujaza viriba pamoja. Kila walipokutana na donge kubwa, walilitazama kwanza.